Tahadhari kwa wanaounda ndege za rimoti hapa Mombasa

Naandika kwa hasira, na kwa aibu vilevile, kwa kuwa mimi niliyefanya kazi ya umeme bandarini kwa miaka 22 nimeuziwa betri ya uongo mchana kweupe, nami nikashukuru.

Ndege yenyewe mnaijua: ile Piper Cub ya manjano ya kipimo cha moja kwa nane, yenye mbawa za mita 1.34 kutoka ncha hadi ncha, ambayo mbavu zake za balsa, ule mbao mwepesi sana, nilizikata kwa mkono usiku baada ya tarawehe. Zilikuwa zimebaki betri na plastiki ya kufunikia, ndipo nikaelekezwa kwenye duka moja la ghorofani, mtaa wa nyuma ya Barabara ya Digo.

Kijana alinipokea kwa adabu, "Karibu ami, keti," akaniagizia kahawa. Kabla sijauliza bei, yeye mwenyewe aliniuliza kitovu cha uzito cha ndege yangu, yaani pale inaposawazika, kiko wapi, swali ambalo asiyeijua kazi hii haliulizi, na hapo nikalegea. Akatoa betri ya seli tatu iliyoandikwa 2200 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, akachomeka mita mbele ya macho yangu, ikasoma volti 12.6, yaani kila seli volti 4.2, imejaa pomoni. "Wallahi ami, hii ndiyo yenyewe." Niliitazama ile namba mara mbili, nikamtumia shilingi 8,500 kwa M-Pesa, za betri na mita tano za plastiki, nikashuka ngazi nikijiona mjanja. Kwamba volti hazisemi betri imebeba kiasi gani ni jambo nililowafundisha vijana wengi kazini. Siku ile sikulikumbuka.

Ndege ilipaa vizuri, ikazunguka uwanja mara moja, na kabla dakika mbili hazijatimia mota ikazimika. Nilijaribu kuishusha ikielea, lakini plastiki ya bawa la kushoto, iliyokwisha kulegea kwa jua, ikabanduka na kupepea kama pazia, ndege ikabingirika na kupiga pua chini. Kazi ya miezi mitano niliiokota kwa mfuko. Mjukuu wangu alikuwapo, na hakusema neno.

Nyumbani niliichana lebo ya betri nikakuta nyingine chini yake: 1000 mAh. Nilipompigia, yule yule wa "ami, keti" aliniambia kwamba nimeiangusha kwa uzee wangu, kisha akaizuia namba yangu. Huyu afutiwe leseni ya kaunti, duka lipigwe kufuli na yeye afikishwe mahakamani, kwa maana hasara haiishii kwenye ndege: mwenye kuiamini lebo ile ataichaji betri kwa ampea 2.2, zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachoifaa, na betri za aina hii zikichajiwa hivyo zinaweza kuvimba na kuwaka moto ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Dalili zilikuwapo. Betri ya kweli ya ukubwa ule huwa na gramu 180 hivi, na hii, kwa mizani ya jikoni, ina 96. Tena, kwa kuwa betri hukaa puani, nililazimika kuongeza uzito wa madini ya risasi hapo ili ndege isawazike, nami nikaulaumu mkia kuwa mzito. Plastiki ya kweli hainati ikiwa baridi, bali gundi yake huamshwa na pasi, na joto hilo hilo huikaza. Yangu ilinata kidoleni tangu dukani, kwa kuwa ni ile ya kubandika kwenye makabati.

Jumatatu asubuhi nitakwenda kituo cha polisi na betri, lebo zote mbili na ujumbe wa malipo. Aliyenunua kwake anitafute kabla ya siku hiyo, ili tusiende mmoja mmoja.