Toyota Probox kwa kazi ya mizigo: gari zuri linaloonewa

Toyota Probox lilipoingia sokoni nchini Japani mwaka 2002 halikuja na sifa ya urembo. Lilitengenezwa kwa ajili ya wasambazaji wa bidhaa, mafundi na makampuni, na ndani yake kila kitu kinathibitisha hivyo: siti za nyuma zikilazwa sakafu inakuwa tambarare, urefu wa sehemu ya mzigo unakaribia mita 1.8, na toleo la mwaka 2014 lina meza ndogo inayovutwa kutoka kwenye dashibodi pamoja na kishikio kinachopokea pakiti ya maziwa ya lita moja. Siti ya nyuma ni nyembamba na mgongo wake umesimama, kwa kuwa sheria ya Japani inataka gari la mizigo liwe na eneo la mzigo lisilo dogo kuliko la abiria. Anayetafuta gari la familia atafute jingine. Mimi ninalipima kwa kazi ya kuteremsha nyanya na vitunguu kutoka Ilula, mkoani Iringa, hadi Morogoro, na kwa kazi hiyo sijaona gari dogo linalolizidi, ilimradi lipakiwe kama lilivyokusudiwa.

Na hapo ndipo gari hili linapoonewa. Kiwanda kimeliruhusu libebe kilo 400 likiwa na watu 2, au kilo 250 likiwa na watu 5. Hesabu ya Kijapani humkadiria kila mtu kuwa na kilo 55, hivyo jumla ya watu na mzigo ni kilo 510 kwa hali ya kwanza na 525 kwa hali ya pili. Dereva na utingo wenye kilo 80 kila mmoja ni kilo 160 badala ya 110 za hesabu hiyo, hivyo wamekwisha kula kilo 50 za mzigo kabla tenga la kwanza halijapanda. Zinazobaki ni kilo 350, yaani mifuko 7 ya saruji ya kilo 50. Linganisha hesabu hiyo na Probox za mchomoko, yaani zinazobeba abiria kwa nauli, tunazopishana nazo kila siku, siti ya mbele ina abiria wawili, buti limejaa watu, na magunia yako juu ya keria. Gari likiondoka hivyo na kufika, watu husema ni gumu. Kufika si ushahidi kwamba lilikuwa salama njiani.

Probox la kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, na magurudumu hayohayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli ya nyuma, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi isivyo kawaida, na taa zinampiga machoni dereva anayekuja. Wengi hukimbilia kuongeza springi au kuweka spesa, yaani vipande vya kuinua gari juu ya springi. Nawasihi waelewe kwamba springi nzito huinua mkia tu. Haziongezi nguvu ya ekseli, wala ya beringi, wala ya breki za ngoma za nyuma, wala ya matairi. Gari linaonekana limesimama sawa, huku kila kilicho chini kikiwa kimeelemewa vilevile, na dereva amepoteza dalili pekee iliyokuwa ikimwonya kwa macho.

Mteremko mkali wa Kitonga, ulio kwenye njia hiyo ya Ilula hadi Morogoro, huumbua upakiaji mbaya mapema. Likiwa ndani ya kipimo chake, gari linashuka kwa utulivu, gia ndogo ikilizuia na breki zikiguswa kwa muda mfupi mfupi. Likizidiwa, breki hupata moto, mguu unaanza kuzama, na harufu inaingia ndani. Mbele zaidi, matuta ya barabarani ndani ya Hifadhi ya Mikumi huonyesha shokapu zilizochoka: mkia ukigonga chini kwenye tuta na kuendelea kunesa baada ya kulivuka, zimekwisha.

Matenga mazito hupangwa chini, yakiegemea mgongo wa siti za mbele, na mepesi hufuata nyuma na juu. Kasoro ninayoiona kubwa katika gari hili ni kukosekana kwa kizuizi madhubuti kati ya dereva na mzigo. Dumu la mafuta la lita 20 lililoachwa bila kufungwa huendelea na mwendo wake gari linapofunga breki ghafla, na kichwa cha dereva ndicho kilicho njiani. Fungeni mzigo kwa mikanda au kamba imara, hata kwa safari ya kutoka sokoni hadi dukani.

Kuhusu kuvuta tela, sishauri. Tela dogo lisilo na breki zake hutegemea breki za gari peke yake. Aliyelazimika asisahau kwamba takribani asilimia 10 ya uzito wa tela inapaswa kukaa kwenye kichwa cha kuvutia, la sivyo tela litayumba mkia. Tela la kilo 300 basi huweka kilo 30 nyuma kabisa ya gari, nazo zitolewe kwenye zile kilo za mzigo. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa tela ili iudake ukichomoka.

Kwa matunzo, Probox halina gharama za kutisha. Injini yake ya 1NZ-FE ya lita 1.5 hutumia cheni ya taimingi, inayopangilia mwendo wa valvu na pistoni, badala ya mkanda, lakini cheni hiyo huishi kwa oili safi. Kwa gari la mizigo mimi hubadilisha oili na filta kila kilomita 5,000 na kupima oili kila wiki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na yakizeeka huchemka mapema kwenye mteremko kama Kitonga, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Breki za ngoma zifunguliwe na kusafishwa badala ya kungoja zilie. Matairi ya asili ni ya mizigo, yenye herufi LT ubavuni. Ya gari dogo la kawaida ni rahisi lakini hayafai. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva, ambacho huandika kwa kipimo cha kPa, wakati mashine ya kituo cha mafuta husoma kwa psi: kPa 240 ni kama psi 35.

Kwa anayenunua la mkononi, angalia kwanza chini ya mkia. Springi zilizoongezwa, matairi ya nyuma yaliyolika upande mmoja na vyuma vilivyochomelewa upya vinatosha kukufanya uondoke. Toleo la 2014 na kuendelea la otomatiki lina giaboksi ya CVT, yaani isiyo na gia za hatua, inayotaka mafuta yake maalumu; muulize muuzaji aliweka mafuta gani, na asipojua, bei ishuke.