Pampu ya volti 12 ya kuoshea mapaa, miezi minne nayo hapa Moshi

Wadau habari zenu. Hii ni kwa anayetaka kuanza kazi ya kuosha mapaa kwa softiwoshi, yaani kupuliza dawa bila presha kubwa, nimetumia hii pampu ya diaframu ya volti 12 miezi minne sasa na nina ya kusema. Nilinunua Arusha laki mbili na themanini, pampu tupu, betri nikaweka ya gari N50, mpira mita 30 na nozeli nikatafuta mwenyewe.

Kwanza softiwoshi sio presha. Mashine ya kuoshea magari ukiipiga kwenye vigae vya bati vile vyenye chengachenga za mawe unazing'oa zote zinaishia kwenye gata, na kigae cha saruji unakichubua kinaanza kunyonya maji. Hii pampu inatoa presha ndogo, chini ya psi 100 (psi ni kipimo cha presha), ila inasukuma dawa kutoka kwenye ngazi mpaka kwenye kofia ya nyumba ya kawaida, huna haja ya kukanyaga paa linaloteleza. Kinachosafisha ni dawa, pampu inaifikisha tu.

Dawa yenyewe ni klorini ya maji, ile ya swimming pool, jiki ya dukani ni nyepesi mno. Yangu ni asilimia 12, lita moja kwa maji lita tatu inakuwa asilimia 3, na sabuni ya maji kidogo ili ing'ang'anie isitiririke yote chini. Kwenye bati tupu nashuka mpaka asilimia 1 na nasuuza haraka, klorini inakula chuma. Msinunue ya kuweka akiba, ikikaa kwenye joto inaisha nguvu. Na jamani msije mkaichanganya na asidi ya kusafishia choo, gesi inayotoka pale inaua mtu.

Sasa pampu. Hii ni ya pili, ya kwanza ilikufa wiki ya pili tu. Muuzaji aliniambia inapitisha kitu chochote, kumbe raba za ndani zilikuwa za maji ya kawaida, nilipoifungua zimevimba zinanata vidoleni kama bablishi, nikairudisha dukani wakagoma kabisa na hela yangu ikaenda, iliniuma sana kwa sababu ndo ulikuwa mtaji. Kwa hiyo ulizeni raba kabla ya bei! Hii ina valvu za Viton, raba inayovumilia klorini, na mpaka leo haivuji, ila kila nikimaliza kazi napitisha maji safi dakika tano bila kukosa.

Paa lililonionyesha uwezo wake ni la mama mmoja Kibosho, vigae vya saruji chini ya miparachichi, upande mmoja mweusi na ile kijani imeota nene kama zulia. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba baba, hiyo dawa haitaniulia migomba?" Swali la haki kabisa. Nikamwagia migomba na kahawa yake maji mengi kabla sijaanza, na katikati, na mwisho, halafu nikachomoa paipu ya gata inayoingia kwenye simtank maana maji yale anakunywa na wajukuu. Nikapuliza. Kama dakika kumi weusi ukaanza kwenda kahawia, mara rangi ya chai ya maziwa, ile kijani ikageuka njano nyeupe. Hapo usisugue, iache, mvua ndo inaishusha. Yale madoa ya mviringo kama sarafu ndo sugu, yalichukua wiki kadhaa kubanduka. Paipu ya tanki nilirudi kuirudisha mwenyewe baada ya mvua kubwa mbili, na migomba ipo vizuri.

Kasoro zipo. Ukiweka nozeli ndogo swichi ya presha inakata na kuwaka, inakata na kuwaka, motor inapata moto, weka nozeli pana. Vibano vya betri vinashika kutu kwa mvuke wa dawa, mimi napaka grisi. Betri inanipa kama saa tatu nne za kupuliza, nyumba moja kubwa inatosha.

Naipa 8 kwa 10. Glavu, miwani na gambuti viwemo kwenye bajeti yako kabla ya pampu. Nimeagiza seti ya raba za akiba, zikifika nitawaambia bei.