Dosa au pesarattu: upike ipi nyumbani?

Dosa, ile chapati nyembamba ya Kihindi ya mchele na dengu, wengi wanaijua, ila ukienda Andhra Pradesh, jimbo la kusini mwa India, asubuhi utakuta watu wanakula pesarattu, ndugu yake ya choroko, na mi nasema kwa mtu wa haraka hii ndo yenyewe. Dosa inataka mchele vikombe 3 kwa kimoja cha urad (dengu nyeusi), uwatu kidogo, uloweke, usage, halafu uache uji uumuke usiku kucha, na kama kuna baridi unaamka asubuhi haujafura hata kidogo, basi tena. Pesarattu ni choroko zako na maganda yake, loweka masaa 4 hadi 6, saga na tangawizi, pilipili mbichi, bizari nyembamba na mchele kiganja kimoja, unapika hapohapo. Weka chuma cha chapati, mwaga upawa mmoja katikati, zungusha kwenda nje, nyunyiza kitunguu na mafuta pembeni, ikianza kuachia kingo geuza. Kuna wanaojaza upma ndani (semolina iliyopikwa ikawa nzito), hapo unashiba mpaka jioni, na chatne ya tangawizi isikosekane. Kwa ule uchachu mtamu na wepesi wa karatasi lakini, dosa haina mpinzani, hiyo iache ya wikiendi.