Mmeona bei lakini?

Nilitaka kuandika haya usiku uleule tuliporudi, mume wangu akanizuia, akasema lala kwanza. Nimelala, nimeamka, wiki kadhaa zimepita, na maneno yale bado yananigonga kichwani kila nikikaa kwenye cherehani. "Mmeona bei lakini?" Basi naandika.

Ilikuwa Jumamosi, huko mwishoni mwa mwezi. Zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana na kupeana hela kwa zamu, ilikuwa imefika, na tangu mwanzo nilimwambia kijumbe wetu anayekusanya michango kwamba safari hii sinunui vitambaa wala silipi ada ya mtoto, namtoa mume wangu. Tumetimiza miaka 12 ya ndoa na hatujawahi kutoka kutwa nzima sisi wawili tu. Nikapanga filamu kwanza, kisha chakula cha Mediterania kwenye mgahawa mmoja wa upande wa Masaki, hapa Dar es Salaam, ambao mteja wangu alikuwa akiusifia kila anapokuja kupima gauni. Jina lake sitalitaja, sitafuti kesi na mtu.

Filamu niliichagua kwa ajili ya mama mkwe. Alifariki mwaka jana, na tangu tumzike mume wangu amekuwa mtu wa "sawa" na "haya" tu. Mama alikuwa akitusimulia jinsi baba mkwe alivyompeleka ile Drive-In ya Msasani wakiwa wachumba, pale ulipo Ubalozi wa Marekani siku hizi. Wamekaa kwenye gari la kuazima, baba anaangalia filamu, yeye anaangalia magari ya jirani asije akaonwa na mtu wa kwao. Alikuwa akifika hapo anacheka mwenyewe mpaka anashindwa kumalizia. Nikasema mtoto wake nitampeleka sinema, iwe ya mapenzi na iwe ya kuchekesha.

Na ilichekesha jamani! Kisa chenyewe si kigeni: dada mmoja anamlipa kijana ajifanye mchumba wake kwenye harusi ya mdogo wake, maana amechoka kuulizwa na mashangazi ataolewa lini. Hakuna mle ndani ambaye hakujua mwisho wake. Lakini raha ya ukumbini ni watu. Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, vile vya mtaani vya kuonyesha video, filamu za kutafsiriwa na akina Lufufu, kila mtu anaongea na televisheni, nikadhani sinema ya kisasa watu wanakaa kimya kama kwenye mtihani. Wapi! Nyuma yetu walikuwa akina mama wa makamo kama sita hivi, wamependeza, kila yule kijana akikaribia kumwambia dada ukweli wa moyo wake wanapaza sauti, "Sema! Sema baba!" Hasemi. Ukumbi mzima unaguna. Mume wangu ni mwalimu wa jiografia, wanafunzi wanamwogopa hata akikohoa. Siku hiyo alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Akanishika mkono akaninong'oneza, "Mama angekuwepo angeshasimama."

Hapo nikajua hela yangu imefika. Tungerudi nyumbani Kimara muda ule, haya maandishi yangekuwa sifa tupu.

Tukachukua bajaji mpaka Masaki. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge nililolishona mwenyewe kwa siku mbili, usiku, wateja wakishaondoka, na yeye shati la kitenge hichohicho. Vumbi la barabarani lilikuwa limetupata kidogo viatuni, tukajipangusa getini. Tukaingia bado tunaigizana, "Sema baba!"

Mlangoni alisimama msimamizi, mwanamke wa rika langu, koti jeusi. Akatuanza kwa Kiingereza. Mume wangu akamjibu kwa Kiswahili: habari za jioni, tunaomba meza yetu ya watu wawili, tulipiga simu, ikiwezekana iwe kule nje upande wa bahari. Alituangalia kuanzia viatuni akapanda nasi taratibu mpaka usoni. Ndipo akakikumbuka Kiswahili.

"Mmeona bei lakini?"

Hakusema karibuni. Hakufungua hata daftari kutazama majina, na jina letu lilikuwa humo, niliweka nafasi siku mbili kabla. Wakati tumesimama pale wakaingia wazungu wawili, kaptula na kandambili, miguu ina mchanga wa ufukweni mpaka magotini. Akatuzunguka, akawachekea meno yote, akawapeleka hukohuko nje tulikoomba. Hao hawakuulizwa kama wameona bei. Sina ugomvi na wale wageni, walikuja kula kama sisi. Lakini nilihesabu: sisi sentensi moja, wao tabasamu na meza.

Mume wangu akamwambia kwa upole, "Tumeziona dada, asante."

Asante! Nilimkasirikia yeye kuliko hata yule msimamizi. Asante ya nini? Baadaye alinieleza kwamba aliona macho yangu yameanza kujaa, akataka tu tupite tukae. Ni kweli yalikuwa yamejaa. Lakini pale mlangoni nilichokiona ni yule mtu wa "sawa" na "haya" amerudi. Kicheko nilichokitafuta mwaka mzima, nikakinunua kwa zamu yangu yote ya mchezo, kimezimwa kwa maneno matatu.

Na kwa kuwa kila mtu hutazama kwa jicho la kazi yake, nami nilimtazama. Mimi ni fundi. Pindo la mkono wa lile koti lilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine, limevuta upande. Sikumwambia. Kwangu akija mtu na koti kama lile namwambia karibu dada, kaa, tukusaidie nini. Simuulizi kama ana hela ya fundi.

Wakatuweka ndani, karibu na mlango wa jikoni. Nilikuwa nimeshashika mkoba niondoke. Kilichonizuia ni kijana aliyekuja kutuhudumia, hajafika hata miaka 25, akainama kidogo akasema, "Shikamooni. Karibuni sana, mjisikie nyumbani." Nadhani alisikia yale ya mlangoni. Hakuyagusa, ila alitujali kupita kiasi, maji yakipungua kidogo tu kashafika.

Sasa chakula. Hapa ndipo ninapopata shida, maana nataka kukiponda na siwezi.

Walianza kuleta visahani vidogovidogo vya kuchovya mkate wa moto. Humusi ni dengu iliyochemshwa ikasagwa laini pamoja na ufuta, ndimu na kitunguu saumu, juu wamemwagia mafuta ya zeituni. Kijana akatuambia yeye ni mtu wa Lindi, kwao wanalima ufuta, wanaupeleka ghala la chama cha ushirika na kusubiri mnada, na hakuwahi kujua unaliwa hivi mpaka alipopata kazi hii. Mume wangu akainua kichwa. Akamwambia na dengu je, si hiyo wanayolima Shinyanga? Akaanza darasa, na sikumzuia. Kwamba watu wakisikia Mediterania wanafikiria Ulaya tu, kumbe pwani yake yote ya kusini ni Afrika: Misri, Libya, Tunisia, Algeria, Morocco. Kwamba UNESCO walipouingiza mlo huu kwenye orodha ya urithi mwaka 2010, Morocco ilikuwa mojawapo ya nchi nne zilizoupeleka, pamoja na Hispania, Italia na Ugiriki. "Kwa hiyo kijana," akamwambia, "usiwaache wakakuonyesha kwamba unahudumia chakula cha watu wengine." Kijana akacheka. Mume wangu naye akacheka kidogo. Kwa dakika kama kumi hivi nilirudishiwa mtu wangu.

Bilingani lao sijui nilielezeeje. Linachomwa kwenye moto mpaka ganda liwe jeusi tii, ndani linakuwa uji, wanaliponda na ufuta uleule, na harufu ya moshi inabaki mdomoni. Mimi bilingani nimelila maisha yangu yote kwenye mchuzi, nikalichukulia kuwa mboga ya kujazia sufuria. Nimelidhulumu. Kulikuwa pia na saladi ya majani mabichi yaliyokatwa laini na ngano iliyovunjwa, hiyo ilikuwa na ndimu mno, kondoo wa mishikaki wa kawaida tu. Halafu wakaleta pweza.

Mimi nimezaliwa Bagamoyo. Pweza kwangu si habari. Nimekunywa supu yake kabla sijajua kusoma, na nimemwona bibi yangu akimpiga juu ya jiwe mpaka alegee. Nilimwagiza kwa hasira, nikitaka nipate cha kulaumu. Akaja mkia mmoja mnene, nje umekaukia kwenye mkaa, ndani laini kama samli, ndimu na chumvi basi. Kijana akasema anachemshwa polepole muda mrefu ndipo anapanda jikoni. Nilinyamaza. Yule mpishi, popote alipo, namwombea heri.

Kwa hiyo nilikuwa nimeanza kulainika, nasema moyoni labda dada wa watu alikuwa na siku mbaya, labda ameshakimbiwa na wateja wasiolipa na hela inakatwa kwenye mshahara wake. Mambo hayo yapo. Ndipo akaja mwenyewe na bili kabla hatujaiomba. Akaiweka katikati ya meza, akasimama. Hakwenda. Alisimama akisubiri, nami bado nina kipande cha pweza kwenye uma.

Nikaweka uma. Nikatoa bahasha ya mchezo nikahesabu noti za elfu kumi moja moja, taratibu. Ilizidi laki na nusu. Mume wangu akaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Akajibiwa mashine haina mtandao, kodi ya VAT lakini wameshaikata. Yeye aliyetaka kujua kama tumeona bei hakuwa hata na karatasi ya kuonyesha bei hiyo. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu kwenye humusi, mazito, ya kumkaa. Yakakwama kooni. Nikampa kijana wa Lindi elfu kumi mkononi, tukatoka.

Kituo cha Morocco, hapahapa Dar, tukapata basi la mwendokasi la Kimara, tukapata na viti. Mume wangu hakusema kitu mpaka Magomeni. Pale ndipo akanisogelea akasema polepole, "Sema baba." Nilijitahidi kucheka, nikashindwa. Nilikuwa nawaza ile filamu, kwamba mle nako wale wawili waliingia mgahawa wa kifahari wamelowa mvua, maji yanachuruzika sakafuni, na wakaletewa taulo. Nikaichukia hata filamu, na haikuwa na kosa lolote.

Mkiniuliza kama muende, siku nyingine nitawaambia msithubutu. Siku nyingine, kama leo, nikikumbuka lile bilingani, nitasema nendeni, ombeni kijana wa Lindi, mkiulizwa mlangoni msijibu asante. Wiki iliyopita nilijaribu mwenyewe nyumbani: nikachoma mabilingani matatu juu ya jiko la mkaa, nikatwanga ufuta kwenye kinu, watoto wakamaliza bakuli. Ufuta niliuacha ukaungua kidogo, ukaleta uchungu. Sikufika pale pao, ila nitafika.

Juzi mume wangu ameuliza kama mwakani tutatoka tena, filamu na chakula. Nilikuwa nafunga zipu ya gauni la mteja, sikuinua kichwa. Nikamwambia filamu, ndiyo.