Jero yangu, rimoti yake

Sirudi tena pale. Nimeapa mara mbili, na kiapo cha pili nimekivunja Jumamosi, lakini hilo nitalifikia.

Kibanda umiza chenyewe sikitaji jina. Kiko Mwanga, hapahapa Kigoma, na ukishaingia kimoja umeviingia vyote: mabenchi yanayochana suruali, turubai, feni moja inayompulizia mwenye banda peke yake, spika zinazokoroma. Jero kwa muvi, buku siku ya mpira. Hayo siyalalamikii, tumeyazoea. Ninayemlalamikia ni kijana anayeshika rimoti.

Nilikwenda na baba mkubwa. Alikuwa ametoka Ujiji kuja kuonyesha macho yake hospitali, akamaliza mapema, jua linachoma, akasema hajakaa kutazama muvi tangu enzi za mikanda. Baba mkubwa ni askari mstaafu. Alikwenda Kagera akiwa kijana mdogo, na 1979 akafika Kampala kwa miguu. Nasema kwa miguu kwa sababu hiyo ndiyo hadithi yake yote ya vita: kutembea. Ukimuuliza habari za risasi anakujibu habari za buti. Ukimuuliza Amin anakueleza matope, na jinsi soksi inavyooza ikiwa mguuni. Tulipokuwa wadogo tulimwona mwongo, maana vita tuliyoijua sisi ilikuwa na stelingi, na stelingi hatembei, anaruka.

Ubao wa nje uliandikwa kwa chaki VITA KALI VIETNAM. Muvi ilikuwa Platoon, ya 1986, iliyotafsiriwa, yaani kuna jamaa kaiweka sauti yake juu ya sauti za wenyewe, anasimulia na kuongeza chumvi. Sina ugomvi na watafsiri, wamenilea. Mwanzoni kuna mvulana mgeni porini, mzigo unamzidi, siafu wamemvamia shingoni, anajipiga makofi kama mwendawazimu. Baba mkubwa akacheka hadi watu wakageuka. Akanipiga kofi la paja.

"Huyu aliyeitengeneza alikuwepo."

Nikamwambia ni muvi tu hiyo, baba mkubwa.

"Alikuwepo. Asiyekuwepo haweki siafu."

Kisha askari wakaingia kijijini. Wenzao wameuawa, wana hasira, wanatafuta wa kummalizia. Yule mvulana wa siafu, ambaye tulikuwa tumeshampenda, anamfokea kijana wa kijijini mwenye mguu mmoja, anampigia risasi chini ya unyayo ili arukeruke. Banda likaanza kutulia. Hata mtafsiri alikuwa ameshusha sauti.

Ndipo picha ikaanza kukimbia. Watu wakawa wanarukaruka kwenye skrini kama bisi kwenye sufuria, midomo wazi, bila sauti. Kijana kabonyeza rimoti. Ilipotulia, kijiji chote kinawaka moto na askari wanatoka nacho wamewabeba watoto. Nani kakichoma? Kwa nini? Mtoto mmoja wa benchi la mbele akamwambia mwenzake, kwa furaha kabisa, "Unaona, wanawaokoa watoto."

Nataka msomaji akae hapo kidogo. Sehemu iliyorukwa ndiyo wanayomponda yule mlemavu kichwa kwa kitako cha bunduki. Ndiyo sajenti anayompiga risasi mama wa watu mbele ya mumewe, kisha anamwekea binti mdogo bunduki kichwani. Ndipo askari wenyewe kwa wenyewe wanapigana, na kibiriti kinawashwa. Toa hayo, na wachoma kijiji wanakuwa zimamoto.

Baba mkubwa akasimama. Taratibu, kwa sababu ya magoti.

"Kijana, rudisha hapo."

Kijana hakugeuka. Shikamoo hakutoa, na huyu ni mtu wa rika la babu yake. "Rudisha wapi?"

"Pale kijijini."

"We mzee, watu wametoa jero waone chuma kinalia. Pale hamna kitu, kelele za vibibi tu. Kama unataka kilio, nenda msibani."

Banda zima likacheka. Mimi pia, Mungu anisamehe, mdomo ulinicheza. Baba mkubwa akakaa, akavaa kofia yake mle ndani, gizani, akaangalia mbele mpaka mwisho. Hata yule sajenti mwema alipokufa, amepiga magoti, mikono juu, na mtafsiri akatutuliza kwamba tusijali, atarudi sehemu ya pili, baba mkubwa hakucheka. Sehemu ya pili haipo, kama kuna anayeisubiri.

Tukatembea hadi stendi ya daladala za Ujiji bila neno. Nilimuuliza pale, baba mkubwa, ulitaka kuona nini?

"Nilitaka kuona kama watasema."

"Watasema nini?"

Konda akaita Ujiji, Ujiji, naye akapanda.

Usiku ule nikanunua bando kwa hasira. Kwanza nikajua kwamba baba mkubwa alikuwa sahihi: mwongozaji, Oliver Stone, alipigana Vietnam mwenyewe, 1967 hadi 1968. Waigizaji wake aliwapeleka kwanza msituni Ufilipino, kama wiki mbili, walale chini na kuchimba mahandaki chini ya kapteni mstaafu wa jeshi, ili wakija kwenye kamera wawe wamechoka kweli. Siafu haikuwa bahati.

Pili nikajua kumbe kuna ofisi. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ile Pentagon, ina watu ambao kazi yao ni kusoma skripti za muvi. Unataka manowari, ndege, vifaru, askari wa kweli wa kusimama nyuma ya stelingi? Lete skripti tuone. Wakiridhika unapewa. Wasiporidhika wanakuambia futa hapa, geuza pale, au katafute vyako. Stone alipeleka yake akanyimwa, na sehemu kama ile ya kijiji ndizo zisizopendwa pale. Akaazima vyombo kwa jeshi la Ufilipino. Muvi ikaja kuchukua Oscar nne, pamoja na ile ya filamu bora.

Mwaka uleule, 1986, ikatoka Top Gun. Hiyo ilipewa kila kitu: ndege, marubani, manowari. Nayo ikatii. Kwenye skripti ya kwanza rafiki wa stelingi alikufa ndege zikigongana angani. Wanamaji wakaona ndege zinaanguka mno, kifo kikabadilishwa kikawa cha kujirusha nje. Mpenzi wa stelingi alikuwa mwanajeshi. Jeshi haliruhusu mapenzi ya namna ile, basi akafanywa raia. Muvi ilipoanza kuonyeshwa, wanamaji wakaweka meza za kuandikisha vijana nje ya baadhi ya majumba ya sinema. Unatoka ndani moyo unadunda, kalamu hii hapa.

Sasa linganisha. Kule ni ofisi nzima yenye viyoyozi. Hapa ni kijana mmoja na rimoti ambayo betri zake zimeshikiliwa na mpira wa kufungia noti. Kazi ileile moja. Tofauti ni kwamba wale wanalipwa kulinda jina la jeshi lao. Huyu wa Mwanga analinda jina la jeshi la nani? Muvi iliyokataa kukatwa na Pentagon imekuja kukatwa mwisho wa reli, bure.

Na nikishaanza sikomi. Kuna ile ya John Wayne ya 1968, The Green Berets, jeshi liliisaidia wakati vita yenyewe inaendelea. Wakaipigia Georgia, kwao, kwenye misonobari, wakaiita Vietnam. Mwishoni stelingi anatembea ufukweni na mtoto yatima, jua linazama baharini. Da Nang bahari iko mashariki! Mtoto yeyote wa Kigoma, anayeliona jua kila jioni likitumbukia ziwani upande wa Kongo, angewauliza hiyo ni saa ngapi. Meli yetu wenyewe nayo wameshaitungia. Liemba ilikuja kwa vipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapahapa, ikafungwa mizinga, na 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe. Ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927. Kwenye sinema ya 1951 iliyochota hadithi ya ziwa hili, meli ya Mjerumani inalipuliwa na Wazungu wawili wapenzi na kimashua chao. Bibi yangu alisafiri mpaka Kipili na meli iliyolipuliwa, na alikuwa na magunia mawili ya mawese.

Ngoja nipoe, maana kijana naye ana lake. Banda lina kodi. Ni kweli watu huwa wanapiga kelele peleka mbele, nimewasikia, na miaka ya nyuma nilikuwa mmoja wao. Isitoshe, kuna kipindi nilikuwa naamka alfajiri kukimbia kutoka Gungu hadi Kibirizi nikijiandaa kwa usaili wa jeshi, na aliyeniamsha hakuwa mzee yeyote wa Kagera, ni zile ndege za Top Gun. Usaili wenyewe sikupita. Na sisi pia tulipigiwa redio. Baba mkubwa alijiandikisha baada ya hotuba ya Mwalimu, ile ya uwezo, sababu na nia, na hadi leo ikipigwa anakaza mgongo. Sababu ilikuwepo, simung'unyi maneno, Amin alivamia Kagera Oktoba 1978 na watu walikufa. Ila nyimbo za ushindi hazikuwa na soksi hata moja.

Halafu kuna jambo linaniudhi zaidi ya rimoti: hata muvi ile ingeonyeshwa yote, wapo ambao wangeshangilia kijijini. Niliwasikia wakishangilia kila kitu. Kwa hiyo huenda kijana hakuharibu chochote. Hapana, aliharibu. Anayeshangilia baada ya kuona ameona. Yule mtoto wa benchi la mbele hakupewa hata nafasi ya kuona, amerudi kwao na zimamoto.

Basi nikaapa. Nikakaa wiki kadhaa, nikaapa tena mbele ya washkaji. Jumamosi baba mkubwa akaja kuchukua miwani yake, akaniambia twende pale.

Pale wapi?

"Pale kwa yule kijana mjinga."

Sikuelewa, lakini nilienda. Sijui kama yule kijana alimkumbuka au kuna mtu alishamsema. Alipotuona tu mlangoni akatoa, "Shikamoo mzee," akaenda nyuma akarudi na kiti cha plastiki, kile anachokaliaga mwenyewe, akakifuta kwa fulana yake. Hata feni ilisogezwa kidogo. Hakuomba radhi. Kwenye ubao kulikuwa na muvi ya ndege, ya kisasa, nayo ya kupewa vyombo na jeshi, niliijua kwa sura. Nilisubiri baba mkubwa akereke. Akapiga makofi! Ndege inapinduka, mzee anapiga makofi na miwani yake mipya.

"Nzuri," alisema tulipotoka. "Hakuna anayetembea."

Nilikuwa nimepanga kutoa nyota moja na onyo. Sasa kile kiti cha plastiki kimeniharibia hesabu. Tuseme mbili. Tuseme tatu kama unakwenda kuona ndege, na sifuri kama muvi ina kijiji ndani yake.

Stendi nilimwambia kwamba ile ya Vietnam nimeingiziwa kwenye simu, haijatafsiriwa, haijakatwa, akitaka twende nyumbani akaione.

"Na kijiji kimo?"

"Kimo chote."

Akaangalia simu mkononi mwangu bila kuigusa. "Usiifute," akasema.

Simu imejaa, inakataa hata kupokea picha. Bado hajaiomba.