Tathmini ya huduma ya ulinzi binafsi Sinza: tunacholipa na anachopata mlinzi

Kwa mwaka mzima wa 2024 jengo letu la wapangaji lililopo Sinza, Dar es Salaam, lililindwa na kampuni binafsi ambayo sitaitaja jina, na mimi kama mtunza hazina wa kamati ya wapangaji ndiye niliyepokea ankara zake kila mwisho wa mwezi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya kamati nyingine zinazotafuta huduma ya aina hiyo, kwa sababu anayeitazama kutokea getini peke yake huona nusu tu ya anachokilipia.

Walinzi wenyewe sina lawama nao. Namba za kila gari ziliandikwa kwenye kaunta buku, mgeni hakufunguliwa mpaka mwenyeji wake apigiwe simu, na mafundi walikaguliwa mizigo wakati wa kutoka. Mlinzi wa usiku, mtu wa makamo ambaye jengo zima lilimwita Afande, ndiye aliyenusa waya unaoungua kwenye kisanduku cha mita usiku wa manane, akazima swichi kuu na kugonga mlango mmoja baada ya mwingine hadi watu wote wakatoka. Kwa kazi yao nawapa alama zote.

Kampuni yenyewe siwezi kuipa alama hizo. Tulilipa shilingi 550,000 kwa kila mlinzi kwa mwezi, kabla ya VAT ya asilimia 18, ilhali mshahara wa mlinzi mwenyewe kwenye mkataba wake ulikuwa shilingi 150,000. Kwa kampuni ndogo, kiwango hicho hakikuvunja Amri ya Mishahara ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023, kwani kima cha chini cha walinzi wa kampuni ndogo kilikuwa 148,000, na cha kampuni kubwa 222,000. Mwajiri pia ana gharama nyingine: mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa asilimia 10, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, mfuko wa fidia, sare, gari la msimamizi na mlinzi wa kushika zamu ya mwenzake anapopumzika. Hata nilipoziweka zote kwa ukarimu, sikuweza kuzifikisha karibu na 550,000.

Jambo zito zaidi ni saa za kazi. Walinzi wetu waliingia saa kumi na mbili na kutoka saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki, yaani saa 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, na haikubali saa za ziada zizidi 50 katika wiki nne. Walinzi wetu walikuwa na saa 108 za ziada katika wiki nne, na sikuona hata moja iliyolipwa. Kwa mshahara wa 150,000, saa ya kawaida ni kama shilingi 769, kwa hiyo saa hizo zingemwongezea mlinzi zaidi ya shilingi 120,000, bila kuhesabu nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Wala saa ya chakula haipunguzi hesabu hii, kwa sababu Afande alikula palepale lindoni, akiacha sahani kila honi ilipopigwa.

Baadhi ya majirani walilalamika kwamba Afande amewahi kukutwa amesinzia. Ni kweli, nami nilimkuta. Lakini mtu anayetoka Chanika kwa daladala mbili, akakesha saa kumi na mbili, kisha akapanda tena mbili kurudi, analala saa ngapi? Kampuni ilijibu malalamiko yale kwa kumkata mshahara, na mwezi ule akapokea chini ya 120,000, ikiwa ni baada ya makato ya NSSF na ya buti ambazo kwa maoni yangu zilikuwa juu ya mwajiri. Niliumia sana, maana barua ya malalamiko ilitoka kwenye kamati yetu.

Mkataba ulipokwisha hatukuuhuisha. Kwa kampuni iliyofuata tulidai vifungu vitatu: zamu za saa nane, nakala ya karatasi ya mshahara na ya mchango wa NSSF kila mwezi pamoja na ankara, na katazo la kumkata mlinzi fedha bila kumsikiliza. Zamu za saa nane zinahitaji walinzi watatu kwa siku badala ya wawili, na mchango wa kila nyumba umepanda. Wapangaji wawili bado wanapinga. Amri mpya ya mishahara iliyoanza Januari 2026 inafanya iwe lazima kuzipitia upya bei hizi.

Kampuni ya kwanza siipendekezi kwa bei yoyote. Kamati inayotaka kuajiri nyingine iombe karatasi ya mshahara ya mlinzi kabla ya kusaini, na ikinyimwa, iende kwa kampuni nyingine.