Maonyesho ya Sanaa ya Kioo Iringa: Nenda Asubuhi, na Shanga Nyekundu Ziache

Kamwene jamani, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala jiko la gesi. Kuna bangili mbili za shanga za kioo, na kabla sijawaambia kama zinafaa kununuliwa, lazima niwapeleke nilikozitoa: kwenye maonyesho ya sanaa ya kioo, Iringa mjini. Nimeingia mle ukumbini mara mbili, na nawaambia kweli, ni kama niliona maonyesho mawili.

Mara ya kwanza nilitoka Mbeya na basi la alfajiri, Makambako, Mafinga, mpaka Iringa. Nikazunguka na shughuli zangu, nikaingia ukumbini saa kumi na moja jioni. Mapazia yamefungwa, taa nyeupe za darini zinawaka. Vile vioo vilikuwa vimelala tu. Nikatoka nimenyongea. Nililala kwa dada yangu Kihesa, na ndiye aliyenifumbua macho: "Mdogo wangu, kile si picha ya kutundika. Rudi asubuhi, waombe wakufungulie mapazia."

Saa tatu nilikuwa mlangoni. Baridi ya Julai mnaijua, lakini jua la Iringa likishatoka linatoka. Kijana wa pale akavuta pazia la upande wa mashariki, na mimi nikasimama pale pale, sikuweza hata kuiwasha kamera.

Kuna kazi moja kubwa katikati: mamia ya vipande vya chupa vimetobolewa na kuning'inizwa kwa waya kutoka darini mpaka karibu na sakafu. Jana yake nilipita nikaona uchafu wa jalalani. Asubuhi ile sakafu nzima ilikuwa kijani na kahawia, mpaka viatu vyangu vilibadilika rangi. Mtu akipita, upepo wake unatikisa waya, na rangi zinatembea ukutani. Nilikaa chini mbele yake karibu saa nzima. Kama una muda wa kuangalia kitu kimoja tu, angalia hiki.

Na rangi zile hakuna aliyezipaka. Ukijani wa chupa unatokana na chuma na kromu iliyomo ndani ya kioo chenyewe. Ule wa kahawia, wa chupa za bia, unatokana na chuma, salfa na kaboni. Kioo ni mchanga, magadi na chokaa, vinayeyushwa pamoja kwenye joto kali sana. Shikeni hilo la rangi kuwa ndani, maana nitalirudia kwenye bangili.

Karibu na dirisha kuna bakuli la rangi mbili, kijani na nyeupe. Wengi walilipita. Mimi naliheshimu sana. Chupa za aina tofauti hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, ukiziyeyusha pamoja zinaweza kupasukiana zinapopoa. Halafu hata kioo cha aina moja hakitolewi tanuruni kikaachwa kipoe kama ugali. Hushikiliwa kwenye nyuzi joto 500 hivi, kisha hupoozwa taratibu kwa saa nyingi, la sivyo kinapasuka chenyewe. Bakuli lile halina ufa. Mtu alikesha na tanuru.

Zamani kazi hii ilikuwa ya viwanda. Ni mwaka 1962, kule Toledo, Marekani, ambapo mwalimu wa sanaa, Harvey Littleton, alionyesha kwamba msanii anaweza kuyeyusha kioo mwenyewe kwa tanuru dogo. Ndiyo maana leo na sisi huku nyanda za juu tunaweza kuwa na ukumbi kama ule.

Sasa lililoniuma. Maelezo yote ukutani yameandikwa kwa Kiingereza. Waliingia watoto wa shule ya msingi, wamevaa sare na masweta, wakakusanyika kwenye ile kazi ya chupa. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hapa wameandika nini?" Mwalimu wao akabaki anatafsiri kibao kimoja kimoja mpaka sauti ikamkauka. Ukumbi uko Iringa, chupa ni zetu, mafundi ni wetu. Kibao cha Kiswahili kinagharimu karatasi na wino. Naomba wahusika walitazame hili kabla maonyesho hayajafungwa.

Haya, bangili. Niliuziwa pale nje ya ukumbi, shilingi 12,000 kila moja. Shanga zimetengenezwa kwa chupa iliyosagwa, ikajazwa kwenye kalibu za udongo, ikachomwa mpaka chembe zikashikana. Nimezivaa wiki tatu: nimeosha vyombo nazo, nimefua nazo, nimelala nazo.

Hii nyekundu, ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaona hapa? Imechubuka. Chini yake ni kioo cheupe tu. Chupa zetu hazina wekundu. Wekundu wa kweli kwenye kioo unahitaji dhahabu, shaba au seleniamu, na hiyo ni gharama. Hapa wamepaka rangi juu. Muuzaji hakuniambia, na alipaswa kuniambia. Na nyekundu ina historia kwetu! Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilibeba shanga nyekundu za Venice, zikiitwa sami-sami, na jina lao jingine lilikuwa kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozipenda. Ndiyo maana mkono wangu uliiendea ile kwanza. Msiinunue.

Hii ya kijani, nunueni. Uzi wake ni imara, haijachubuka popote, na ikiguswa na jua... subirini nisogee dirishani. Hebu tazameni ukuta wangu.